Mama mkwe kaikataa safari niliyomlipia, anasema goti linauma

*Shangazi shikamoo. Nimeolewa mwaka wa 9 sasa, nina watoto wawili. Nilijinyima miezi 8 nikawalipia wakwe zangu mapumziko ya siku 4, zawadi ya kutimiza miaka 50 ya ndoa. Mama mkwe ana miaka 74, baba mkwe 79, ana kisukari anachoma sindano na anatembelea mkongojo. Nilipanga kila kitu mwenyewe: tunaondoka saa 10 alfajiri, basi masaa 7, hoteli 3 tofauti ili waone sehemu nyingi, chumba ghorofa ya 3 chenye mandhari nzuri, kupanda kilima kuangalia jua likichomoza, boti, na fulana za kufanana za picha. Niliwaambia siku 2 kabla manake ilikuwa sapraizi. Mama mkwe badala ya kushukuru akaanza maswali: ngazi ziko ngapi, choo kiko humo humo chumbani, basi linasimama wapi. Kesho yake akasema goti linauma haendi. Jumamosi ileile nimemuona kwa macho yangu anacheza harusini! Mume wangu nikimwambia anajibu "si ungemuuliza kwanza". Wifi kaninunia. Hela nimeambiwa hairudi. Huyu mama hajawahi kunipenda. Nimuache na kisirani chake? – Mkwe Asiyethaminiwa*

Shangazi anajibu:

Marahaba mwanangu. Kujinyima miezi 8 kwa ajili ya wazazi wa mtu mwingine ni moyo, wengi hawana, na hela ikiondoka hivyo inauma. Pole sana. Sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiisoma namuona mama mkwe wako zaidi kuliko ninavyokuona wewe. Hana kisirani. Mimi niko upande wake na sifichi.

Alikuuliza maswali matatu. Yarudie taratibu. Ngazi ngapi, choo kiko wapi, basi linasimama wapi. Hakuuliza umelipa shingapi, hakuuliza kwa nini wifi yako hakuhusishwa, hakusema hoteli hiyo siitaki. Maswali yote matatu ni swali moja tu, nalo ni hili: nikibanwa na mkojo, nitawahi? Mama wa miaka 74 hawezi kumtamkia mkwe wake maneno hayo, akalizunguka kwa heshima mara tatu nzima na mara zote tatu wewe ukasikia dharau. Alipoona huelewi akachukua njia iliyobaki, akasema goti.

Najua ninachokisema. Miaka ya nyuma nilimpeleka mama yangu mzazi safari kama hiyo yako, gari mwendo mrefu, mimi na furaha zangu mbele naimba na dereva, mama nyuma kimya. Kila nikimpa maji anasema ameshiba. Nikajua ndo uzee huo, hana kiu. Tukafika usiku, chumba kizuri, nikalala fofofo. Saa 8 usiku nikasikia maji yanachuruzika kidogo kidogo bafuni, nikaamka, taa haijawashwa, nikasukuma mlango nikamkuta mama yangu amesimama gizani kashika ukingo wa sinki kwa mkono mmoja na mkono wa pili anafikicha sketi yake. Alikuwa amefungulia bomba uzi mwembamba kabisa ili nisisikie. Hatukuongea. Nilimshika nikamrudisha kitandani, sketi nikamalizia kuifua mimi, na hadi anaingia kaburini hatukuwahi kulitaja. Kwa hiyo ukiniambia mama mkwe anauliza choo kiko wapi halafu unaita kisirani, mwanangu, unanigusa pabaya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Haya, goti na harusi, manake hapo ndo unaona umemkamata kwa ushahidi. Harusini alicheza wapi? Ukumbini, sakafu tambarare, dakika chache, katikati ya watu wa kumshika mkono, halafu akarudi kwenye kiti. Goti lililochakaa linaweza hayo. Lisichoweza ni ngazi, hasa kushuka, manake pale mguu mmoja unabeba mwili wote huku goti limekunjwa na mzigo unaolielemea ni mara kadhaa ya uzito wa mtu. Muulize yeyote mwenye magoti mabovu, atakwambia kupanda anajikongoja ila kushuka ndo anatafuta wa kumshika. Na wewe umemuweka ghorofa ya 3! Lifti hujaitaja popote, kama ingekuwepo ungeitaja manake vingine vyote umevisifia. Maana yake kila akisahau miwani chumbani ni ghorofa tatu juu, ghorofa tatu chini, na mzee mwenzie ana mkongojo.

Kitu kingine kimenishtua. Kisukari cha baba mkwe umekitaja kwa kuwa mkongojo unaonekana na sindano zinaonekana. Ya mama hukutaja dawa hata moja. Miaka 9 upo ndani ya familia hiyo, unajua anakunywa nini asubuhi? Wengi wa umri wake wana presha, na dawa za presha nyingine zinakojoza, ukimeza asubuhi masaa machache yanayofuata ni kwenda na kurudi chooni. Mzee akiwa na safari ya basi anafanya nini? Anaficha kidonge na hanywi maji. Na ukishazeeka kiu yenyewe inapungua, mwili umekauka wala hauhisi, ndo unakuja kusikia mtu kasimama ghafla kaona kizunguzungu kaanguka. Hapo unaenda kwa daktari wao wiki mbili tatu kabla, unamuuliza siku ya safari kidonge kile kinaweza kusogezwa saa gani. Usiamue wewe na usimuachie yeye aamue kimyakimya.

Baba naye, saa 10 alfajiri unamtoa kitandani, anachoma sindano saa ngapi, anakula nini na saa ngapi? Sindano ya insulini ikiingia chakula kikachelewa, sukari inashuka, anatoka jasho, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki na watu kwenye basi wanadhani ni uzee tu kumbe anazimika. Mkobani kuwe na kitu cha sukari cha kumpa papo hapo na kitu cha kutafuna baadaye. Insulini yenyewe haiwekwi mbele kwenye kioo cha gari pale jua linapopiga, wala kwenye buti, na siku mkipanda ndege haiingii kwenye begi la kule chini manake inaweza kuganda ikaharibika. Dawa zote zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, kwenye pakiti zake zenye maandishi, na za ziada za siku kadhaa manake gari hulala njiani. Na safari ijayo muondoke saa 3 asubuhi watu wameshakula na wameshaenda chooni, jua limetoka, wanaona wanapokanyaga.

Masaa 7 mfululizo kwenye siti pia hapana. Damu inalala miguuni, na kuanzia masaa manne ya kukaa bila kunyanyuka uwezekano wa damu kuganda kwenye mshipa unapanda, na umri wao ndo wenyewe. Kila saa moja na nusu au mawili gari lisimame, watu washuke, wanyooshe miguu, waende choo, wakikaa wawe wanazungusha vifundo vya miguu. Basi la abiria halitawasubiri, kwa hiyo tafuteni gari mnaloliamrisha wenyewe au tafuteni mahali pa karibu. Masaa mawili matatu ya gari yanatosha kabisa kumtoa mtu nyumbani akahisi yuko mbali.

Hoteli tatu ndani ya siku nne ni kuwahamisha wazee nyumba. Kila usiku wajifunze upya swichi iko upande gani, bafu lina kizingiti au halina, na wazee wanaanguka hapo hapo, usiku, kwenye chumba wasichokizoea, wakielekea chooni. Chukua sehemu moja, usiku tatu, kitanda kilekile. Chumba cha chini kabisa au penye lifti inayofanya kazi, na usiamini picha za mtandaoni, piga simu uongee na mtu aliyesimama mule ndani umwambie aende bafuni akuhesabie: kuna kizingiti? kuna chuma cha kushika pembeni ya choo na kwenye bafu? sakafu ikilowa inateleza? kitanda kina urefu gani, manake mtu akikaa ukingoni miguu inatakiwa ikanyage chini yote, akizama hanyanyuki. Wakikwambia "tuna njia ya kiti cha magurudumu" uliza ni ndefu kiasi gani. Kipimo kinachotumika sana ni kila sentimita 1 ya kupanda iwe na sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ngazi moja tu ya sentimita 15 inataka njia ya mita 1 na sentimita 80, ile mbao fupi waliyoegesha mlangoni ni mtego. Na beba taa ndogo ya kuchomeka ukutani, hiyo moja tu ingemuokoa mama yangu asisimame gizani.

Mchana kitu kimoja. Kimoja! Asubuhi mtoke sehemu ya karibu yenye viti na kivuli, mchana walale, jioni wakae nje waongee. Kilima cha kuangalia jua kiache, jua linachomoza kotekote, watafutie kibaraza kinachoangalia mashariki wakae na vikombe vyao. Boti sio lazima ife, ila kaulize kwanza mtu anaingiaje, kama ni kuruka kutoka gati basi watazame kutokea ufukweni, na wenyewe wataifurahia.

Sasa mumeo. Kasema "si ungemuuliza kwanza" na kasema kweli, ila kasema akiwa amekaa. Miezi 8 mke wake anajinyima kwa ajili ya wazazi wake yeye, hakuona? Hakuuliza? Huyu kijana kakulia mikononi mwa huyo mama, lazima anajua mama yake akisafiri hupenda kukaa siti ipi na kwa nini, angefungua mdomo dakika mbili hela isingepotea. Ndoa nyingi siku hizi ziko hivyo jamani, mwanaume anaoa halafu anamkabidhi mke wazazi wake kama anakabidhi ofisi, yeye anabaki mtazamaji, ikiharibika anatoa maoni. Mke naye anajitwisha, anataka apate maksi kwa wakwe, anataka ukoo wote uone, na siku hizi kuonekana ni kwenye picha, fulana za kufanana zimeshachapishwa kabla wenye ndoa yao ya miaka 50 hawajaulizwa kama wanataka kusafiri. Statasi inapendeza ila ndani watu hawaulizani hata umelalaje. Zamani mtu akitaka kumpumzisha mzee alikuwa anaenda kukaa naye, anamsikiliza, anatoka pale anajua kinachomuuma ni kipi. Sisemi ya zamani yote yalikuwa mazuri, tulinyanyaswa na wakwe vya kutosha, ila kuulizana kulikuwepo.

Na wewe mwenyewe, nikwambie ukweli, sapraizi ile ilikuwa ya nani? Mzee hapendi kushtukizwa na safari. Anataka wiki mbili za kujiandaa, apange dawa zake, ajue viatu gani, amuage jirani. Ukimpa siku mbili umemnyima hata furaha ya kuisubiri, na kwa wazee kuisubiri ni nusu ya safari. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwako ni begi la mgongoni unaruka, kwake ni usiku mzima hajalala anawaza ngazi.

Kuhusu kupendwa, mwanamke asiyekupenda angekubali safari, aende akaumie, halafu arudi akutangaze ukoo mzima kwamba mkwe alitaka kuniua. Huyu kabeba lawama mwenyewe akasingizia goti. Wifi yako kakununia kwa sababu anajua siri ya mama yake na ameshindwa kukwambia, mwite mkae, atakuwa msaada mkubwa kuliko unavyodhani.

Hela usiiage bado. Wapigie wale wa hoteli, usiwaombe wakurudishie, waombe wakusogezee tarehe na usiku zote ziwe sehemu moja chumba cha chini. Wengi wanaokataa kurudisha hukubali kusogeza. Waambie ni wazee, waambie umri, usione aibu. Halafu mumeo ndiye apige simu ya gari, sio wewe.

Kwa mama usiende na ratiba mpya. Nenda na karatasi tupu na kalamu, chagua saa ambayo baba mkwe amelala na watoto hawapo, mkae wawili. Usiombe msamaha mrefu wa kumliza. Mwambie tu, mama, ile siku uliniuliza choo sikukujibu vizuri, nimekuja unieleze unavyotaka kiwe. Halafu nyamaza, hata akichukua dakika tano kuanza, nyamaza, na akianza andika.