Maswali Yenu: Data Inayopanda Juu kwa Sauti

Katika uchimbaji wa visima vya mafuta, kwa nini vihisi vilivyo karibu na keekee, ile ncha inayotoboa mwamba chini kabisa, visitumie waya tu kutuma data juu?

Bomba la kuchorongea huzunguka, na kila mita tisa hivi huungwa kipande kingine. Waya wa kawaida utadumu wapi hapo? Yapo mabomba yaliyofumwa waya ndani kabisa, yanayopitisha biti (vipande vidogo kabisa vya data) 57,000 kwa sekunde, lakini bei yake si ya kila kisima. Redio nayo humezwa na miamba, hasa yenye maji ya chumvi.

Nimesikia hutumia tope. Tope linasemaje?

Pampu husukuma tope, yaani majimaji mazito ya kuchorongea, ndani ya bomba mfululizo. Vali iliyo chini hulibana kidogo na kuliachia, presha ikapanda na kushuka, na kihisi cha juu husoma mapigo hayo. Ni njia ya kuaminika, ila ni ya kobe: mara nyingi biti chache kwa sekunde. Pampu zikizimwa, kimya.

Sasa hiyo ya sauti ina tofauti gani?

Hapa bomba lenyewe ndilo njia. Fuwele maalumu zikipewa umeme hutanuka na kusinyaa, zikatikisa chuma, na mtikisiko hupanda kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde, karibu mara 15 ya kasi ya sauti hewani. Pampu zizimwe au ziwashwe, bomba linaendelea kusema.

Kikwazo ni viungio, na kwangu hapa ndipo penye utamu. Kiungio ni kinene kuliko bomba, hivyo hurudisha nyuma sehemu ya wimbi. Kwa kuwa vimepangana kwa umbali uleule, miangwi yake hushirikiana kuziba baadhi ya masafa ya sauti na kuachia mengine, mfano wa meno ya kitana. Kwa vipande vya mita tisa na ushei, pengo hujirudia kila hezi (mitikisiko kwa sekunde) 260 hivi. Mtumaji huchagua sauti inayopenya katikati ya meno, kwa kawaida kati ya hezi 400 na 2,000. Changanya vipande vya urefu tofauti, na vichochoro hivyo huvurugika.

Kelele za keekee hazifuniki ujumbe?

Hufunika, tena sana. Isitoshe, wimbi huchoka kila bomba linapojisugua ukutani mwa shimo. Kwenye visima virefu hufungwa vituo vya kupokezana njiani, vinavyosikia ujumbe na kuutuma upya.

Njia hii ya sauti hupitisha biti 20 au 30 tu kwa sekunde; zinatosha kitu gani?

Mwinamo wa shimo, uelekeo, presha na joto. Picha, hapana.