Uliza habari za panya kabla hujaandika nimonia

Wadogo zangu mnaopangiwa zahanati za milimani, niazimeni masikio. Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, Tanzania, ilisumbuliwa na tauni tangu 1980 hadi 2004. Watu zaidi ya 7,000 waliugua. Na bado sisi tuliokuwepo tulikosea.

Kosa langu hili hapa. Kijana aliletwa jioni, homa kali tangu jana yake, kifua kinabana, makohozi mepesi yenye damu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikaandika nimonia, nikamwanzishia kristapen (penisilini ya sindano), dawa ambayo kwa tauni usiitegemee. Usiku muuguzi, mama mtu mzima mwenyeji wa pale, akamuuliza shangazi wa mgonjwa: "Nyumbani panya wanakufa?" Wanakufa, tena juzi wameokota watatu darini kwenye mahindi. Nilipomfunua kijana vizuri, nikakuta mtoki kinenani, mdogo, lakini hata shuka likiugusa analia.

Ilikuwa tauni. Kiroboto wa panya alimuuma mguuni, tezi ikavimba, damu ikapeleka vijidudu mapafuni. Akishafika hapo, kikohozi chake kinaambukiza, na atakayeambukizwa kwa njia hiyo mara nyingi hana mtoki kabisa. Huyo muulize amemuuguza nani, ametoka msiba gani. Msikimbilie kusema ni kifua kikuu. Kifua kikuu hakina haraka hiyo ya kumlaza mtu hoi kwa siku 2.

Ukishashuku, usingoje maabara. Chukua makohozi, damu, na majimaji ya mtoki kama upo, kisha anza dawa papo hapo: streptomisini au jentamisini (mjamzito mpe jentamisini, streptomisini inaweza kuharibu masikio ya mtoto). Siprofloksasini nayo inafaa. Tauni ya mapafu ikipita saa 24 bila dawa, kumwokoa mgonjwa ni kazi kubwa. Kipimo cha haraka cha tauni, kile cha kijiti, hujibu kwa dakika 15, ukibahatika kuwa nacho.

Mtenge, mvishe barakoa, nawe vaa. Waliomkaribia chini ya mita 2 wanywe doksisaiklini siku 7. Mimi na yule mama tulimeza zetu usiku uleule, pamoja na shangazi. Kijana alipona.

Bwana afya akija na mitego, mwombe apulize kwanza dawa ya viroboto. Panya akifa, viroboto wake huhama, na anayelala chini ya dari ile ni mtu.