Mteja akisema kioo, usikimbilie kuagiza kioo

Wadogo zangu mafundi, nimevumilia vya kutosha. Kila nikipita kwenye meza zenu hapa Kariakoo nakuta gemu ya mkononi ya mtu, Switch au PSP, imeshafumuliwa, skrubu zimetapakaa, kioo kipya kimeshaagizwa, na nikiuliza gemu inaumwa nini najibiwa, "Mteja kasema kioo." Mteja amekueleza anachokiona. Kujua kilichokufa ni kazi yako, ndiyo anayokulipia. Kwenye simu mnaponea, kwa sababu vioo vya simu vimejaa kila duka na ukikosea leo kesho utakitumia kwa mteja mwingine. Kioo cha Switch au cha PSP unaagiza, unasubiri, na ukikosea unabaki na spea ambayo huenda isipate mwenyewe mwaka mzima. Nawapenda, na baadhi yenu mna mikono mizuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wenu. Ndiyo maana nakasirika.

1. Tazama kabla hujashika bisibisi.

Anza na protekta. Ndiyo, protekta. Nimeona Switch imefunguliwa mpaka kwenye bodi wakati ufa wote ulikuwa kwenye kile kigae cha juu cha dukani. Kitoe kwanza, ufute, utazame chini ya mwanga.

Kisha tenganisha tachi, ile sehemu inayohisi kidole, na picha. Picha ikiwa safi, rangi zimetulia, ila juu pana ufa au kidole hakisikiki, hilo ni tatizo la tachi. Kwenye Switch ya kwanza, ile ya 2017, tachi na LCD ni vitu viwili: tachi ni ile sahani ya plastiki ya juu, LCD, ile inayochora picha, iko chini yake peke yake, na kila kimoja kinauzwa mbali. Usimuuzie mtu LCD wakati anahitaji tachi. Picha ikiwa na doa jeusi lenye kingo za zambarau, au wino umetambaa kutoka kona, na juu hakuna hata mkwaruzo, hapo LCD ndiyo iliyopasuka kwa ndani, na tachi yake nzima unaweza kuihamisha ukiwa na subira. Switch OLED ya 2021 ni habari nyingine. Kioo na tachi vimegandishwa pamoja, unabadilisha vyote, kwa hiyo bei unayomtajia mteja lazima itofautiane tangu mapema.

Na hiyo OLED ina utando mwembamba juu ya kioo uliowekwa kiwandani ili kikivunjika vipande visitawanyike. Nintendo wenyewe wanaonya usibanduliwe. Mmoja wenu, simtaji, anajijua, aliubandua akidhani ni plastiki ya usafirishaji, tena kwa fahari, mbele ya mteja. Kijana huyo leo ni fundi mzuri sana na kila OLED ikiingia yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele, "Usiguse hapo!"

2. Giza halimaanishi kioo kimekufa.

Gemu ikileta sauti, vitufe vinaitika, lakini kioo kimezima, chukua tochi. Imulike kwa pembeni, karibu kabisa na kioo, chumba kikiwa na giza kidogo. Ukiona menyu hafifu inatembea unapobonyeza, LCD inachora picha vizuri na kinachokosekana ni laiti ya nyuma, ile taa inayoiangaza LCD. Tatizo linaweza kuwa laiti yenyewe, utepe wake (ule waya bapa unaoingia kwenye bodi), fyuzi, au sakiti inayoilisha. Jambo hili ni la dakika moja na halitaki kufungua chochote.

Halafu ichomeke kwenye TV. Switch ya kawaida inaingia kwenye doki yake, picha ikija safi kwenye TV ujue bodi inachora, na shida iko kuanzia soketi ya kioo kwenda mbele. Steam Deck, gemu nyingine ya mkononi, nayo inatoa picha kwa USB-C. Switch Lite haina njia ya TV kabisa, kwa hiyo usipoteze muda na doki. PSP ya kwanza haina pia, ila kuanzia ile nyembamba ya 2007 unaweza, ukipata waya wake.

Tochi ina mpaka wake. OLED haina laiti ya nyuma, kila nukta inajiwakia yenyewe, kwa hiyo ukimulika Switch OLED hutaona kitu hata kama ugonjwa ni mdogo. PS Vita, zile gemu zilizofuata PSP, nazo zichunguze kwanza: ya 2011 ni OLED, ya 2013 ni LCD. Kijana alinibishia hili nusu saa nzima akiwa na zote mbili mezani. Nilimwachia azimulike mwenyewe.

3. Mistari ina mahali inapozaliwa.

Switch ina kitufe cha kupiga picha ya skrini, kile cha mraba kwenye Joy-Con (kidhibiti cha pembeni) ya kushoto. Piga picha mistari ikiwa inaonekana, ihamishie kwenye kadi ya microSD, ifungue kwenye kompyuta. Mistari isipokuwemo kwenye picha, basi bodi imechora sawasawa na uchafu umeingia njiani, kwenye utepe, soketi au LCD. Ikiwemo, funga mdomo kuhusu kioo kabisa, hiyo ni kazi ya bodi.

Kabla ya kuhukumu LCD, toa utepe, safisha ncha zake na soketi kwa spiriti ya aisopropili, urudishe. Sisi tunaoishi na upepo wa bahari tuna mgonjwa wetu wa kipekee: gemu iliyokaa Kigamboni au Mombasa karibu na dirisha, soketi zimeota kutu ya kijani, na mwenyewe anaapa haijawahi kuloa. Anasema kweli. Hewa yenye chumvi inatosha.

Ukibahatika kuletewa Game Boy ya 1989 yenye mistari wima iliyopotea, usiitupe. Utepe wa chini ya kioo unaachia gundi yake kadiri miaka inavyokwenda, na kuupitisha juu yake pasi ya kuchomelea yenye joto la wastani, taratibu, hurudisha mistari mingi. Ukiona ile kazi ikirudi mstari kwa mstari mbele ya macho yako, utaupenda ufundi huu zaidi.

4. Betri.

Hili nalieleza polepole kwa sababu limeniuma kuliko yote, na wiki hii nimeliona linafanyika tena kwenye meza mbili tofauti.

Ilikuwa PSP ya kwanza, ile nene. Mama mmoja aliileta, ni ya mwanawe aliyekuwa shule ya bweni, na alitaka iwe tayari kijana akirudi likizo. Wino ulikuwa umevuja kona moja. Hapakuwa na fumbo. PSP hiyo ina utepe mpana wa picha na mwembamba wa laiti, kila mmoja na soketi yake yenye kifuniko kidogo cha kubana. Nikaweka kioo kipya, nikatia betri nijaribu kabla ya kufunga mwili, kama nilivyofundishwa. Picha ikaja, lakini inatetemeka. Nikajua utepe haujakaa sawa.

Hapo ndipo nilipokosea. Betri ya PSP inatoka kwa kufungua mfuniko wa nyuma, haitaki hata bisibisi. Sikuitoa. Wateja walikuwa wamesimama, mmoja ananihimiza, nami nikafungua vifuniko vya soketi na kuzivuta tepe na kuzirudisha gemu ikiwa inawaka. Sikuona cheche wala kusikia harufu. Kioo kikawa cheusi, basi.

Elewa kilichotokea. Taa za laiti zimefungwa mfululizo, na volti tatu na kitu za betri hazitoshi kuziwasha, kwa hiyo kuna sakiti inayozipandisha volti hizo mara kadhaa. Utepe ukiingia upande wakati umeme upo, volti kubwa inagusa pini isiyo yake. Kinachokufa ni fyuzi ukiwa na bahati, na IC, ile chipu inayoendesha laiti, ukiwa huna.

Mimi sikuwaza hayo. Niliwaza, kioo kibovu. Nikakibeba mpaka kwa muuza spea na nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia kopi iliyokufa. Hakubisha, akanipa kingine. Nikakifunga, safari hii betri ikiwa nje, kwa utaratibu wote. Giza lilelile. Nikarudi kwake kwa sauti ya juu zaidi, na yule mtu akanirudishia pesa yangu yote akaniomba nisiendelee. Nikampigia mama yule simu nikamwambia spea za siku hizi hazifai. Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi ndiye fundi.

PSP ikakaa rafuni mpaka mzee mmoja jirani, fundi wa redio ambaye hajawahi kucheza gemu maishani, akaniomba aitazame. Hakuuliza mengi. Aliwasha tochi akaimulika pembeni, akabonyeza kitufe, akaniita. Menyu ilikuwa pale, hafifu, inatembea. Akashika mita akafuata njia ya laiti kutoka kwenye soketi, na kwenye fyuzi iliyo ndogo kuliko punje ya mtama mita ikanyamaza. Tulitoa nyingine kwenye bodi mfu, tukaichomelea, na kioo kikawaka kama ilivyotakiwa kiwake tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo vile vioo viwili nilivyorudisha vilikuwa vizima.

Nilikwenda kwa muuza spea nikiwa nimejiandaa kuvinunua vyote. Alikuwa ameshavitupa. Nani atauza kioo ambacho fundi amekirudisha kwa kelele mbele za watu? Nikamweleza ukweli, mbele ya wateja waliokuwepo, kwa sababu kelele nazo nilizipiga mbele za watu, na nikamlipa kidogokidogo. Mama naye nilimwambia. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba alishamwambia mwanawe asahau, na mtoto alilia kwenye simu ya shule. Hilo la mtoto kulia sina namna ya kulilipa.

Basi sikilizeni. Kila mkono wako unapokwenda kwenye utepe, betri iwe nje na chaja iwe imechomolewa. Kuingiza, kutoa, kusogeza kidogo tu, vyote ni kugusa. Kwenye Switch betri imegandishwa kwa gundi ndani, lakini huhitaji kuing'oa, unachomoa soketi yake tu mara baada ya kuondoa bati la kinga, kabla ya kitu kingine chochote. Hatari haiko mwanzoni mwa kazi, mwanzoni wote mnakumbuka. Iko pale katikati, mkiwa mmeshajaribu mara moja, picha imekuja vibaya, na mnadhani ni kurekebisha kidogo tu.

5. Haya nayasema harakaharaka, mnayajua na hamyafanyi.

Toa kadi ya microSD kwanza: mwili wa Steam Deck ukifunguliwa kadi ikiwa ndani, kadi inakatika vipande viwili. Switch ina skrubu iliyojificha nyuma ya mguu wa kusimamia, pale pa kadi, msivute mwili kwa nguvu kabla ya kuitoa. Skrubu za mgongo zinataka bisibisi ya pembe tatu, na zile za nyota ni za kipimo cha Kijapani, kwa hiyo bisibisi yenu ya simu inazila vichwa. Kifuniko cha soketi kinanyanyuliwa kwa ukucha au plastiki, kamwe si kwa chuma, na hakikisheni mnanyanyua kifuniko na si soketi yenyewe. Bloa ya hewa moto iwe ya joto dogo na isitulie mahali pamoja, LCD ikiungua inabaki na doa la kudumu. Mkitoa bati la Switch, pasta mpya ya kupitisha joto irudi. Plastiki ya kioo kipya ibaki mpaka mwisho, na kabla ya kufunika LCD kwa tachi, pulizeni vumbi, kwa sababu unyoya mmoja ukibaki humo mteja ataona huo tu maisha yake yote.

6. Kabla ya kukabidhi.

Bei zungumza kabla ya kufungua, pamoja na nini kitatokea ukikuta kingine kimekufa ndani. Ukishafunga, weka skrini nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, utafute nukta mfu. Buruta kidole kutoka kona hadi kona bila kukinyanyua, uone kama tachi inakatika mahali. Washa laiti hadi mwisho, uiache gemu icheze mpaka mwili upate joto, maana utepe uliokaa nusu hujifichua joto likipanda. Mwite mteja acheze mwenyewe mbele yako kabla hajalipa.

Kioo cha zamani mrudishie. Watu wengi hawakitaki, ila wanataka kukiona. Asipokichukua, usikitupe: tafuta bodi mfu inayolingana nacho, ukae jioni ukiingiza na kutoa utepe kwenye soketi yake, mpaka vidole vyako vijue bila kutazama utepe uliokaa sawa unahisije na uliokaa upande unahisije.