Je, unga wa protini utaniotesha ndevu?

SWALI: Nina miaka 27, kilo 60, na nanyanyua vyuma mara tatu kwa wiki. Kocha anataka nitumie unga wa protini na kreatini, tena anatuuzia vidonge "vya kukaza mwili" kwenye kimfuko kisicho na lebo. Mama anasema nitaota ndevu. – Msomaji, Area C, Dodoma

JIBU: Dada, mama ana haki ya kuogopa, ila kinachostahili hofu yake ni hicho kimfuko. Unga wa protini mwingi hutokana na maziwa. Kreatini mwili huitengeneza wenyewe, na imo kwenye nyama na samaki. Zote mbili si homoni.

Kwa mazoezi yako, protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito inatosha, yaani kama gramu 96 kwa siku. Yai lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, na dagaa wakavu gramu 50 hukaribia 30. Piga hesabu ya sahani yako kwanza. Huenda kopo la bei mbaya usilihitaji kabisa. Pengo likibaki, kijiko kimoja cha unga hutoa gramu 20 hadi 25. Ukijaa gesi au kuharisha, shuku laktosi, sukari iliyomo kwenye maziwa.

Kreatini chagua aina iitwayo monohaidreti, gramu 3 hadi 5 kila siku, hata usipofanya mazoezi. Zile gramu 20 kwa siku ambazo wengine huanza nazo wiki ya kwanza ziache, huvuruga tumbo bure. Mzani ukipanda kilo moja hivi mwanzoni, ni maji ndani ya misuli. Ukienda kupima figo, mwambie daktari unaitumia, kwani kreatinini, taka ya kreatini inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo, hupanda kwenye majibu hata figo zikiwa nzima. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito au anayenyonyesha asianze kabla ya kumwona daktari.

Vidonge vya kimfuko usiviguse. Bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa na steroidi, dawa za kukuza misuli zinazofanya kazi kama homoni ya kiume, ambazo kwa mwanamke huleta ndevu, chunusi, sauti nzito, hedhi kuvurugika na kisimi kukua. Hedhi aghalabu hurudi ukiacha. Sauti huenda isirudi. Ini nalo huumia. Kama ulishameza, acha, nenda hospitali na vidonge vyenyewe mkononi. Macho yakiwa manjano au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, nenda siku hiyohiyo. Kisha toa taarifa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wapo hapohapo Dodoma.