Maombolezo ya Musa: siku 30, si 40

Wapo wanaosema Musa aliombolezwa siku 40, na kwamba Israeli hawakuwa na kiongozi muda huo wote. Hapana, Musa aliombolezwa siku 30, si 40. Imeandikwa Kumbukumbu la Torati 34:8, huko nchi tambarare ya Moabu. Hizo 40 nadhani zimetoka Mwanzo 50:3, nazo ni siku za kumpaka Yakobo dawa ili asioze. Wamisri wenyewe walimlilia siku 70.

Na si kweli kwamba Israeli walikaa bila kiongozi hadi matanga yaishe. Yoshua, mrithi wake, alikuwa ameshawekewa mikono na Musa mbele ya kuhani Eleazari na mkutano wote (Hesabu 27). Kwa Haruni, kuhani na kaka yake Musa, ndiyo inagusa zaidi: alivuliwa mavazi yake juu ya mlima Hori, akavishwa mwanawe Eleazari, ndipo baba akafa palepale. Watu chini wakalia siku 30, kuhani mpya tayari yupo. Nimeifundisha sura hiyo (Hesabu 20) mara nyingi kwenye jumuiya yetu na bado hunigusa.

Ila 30 haikuwa sheria kwa kila kiongozi. Mfalme Sauli, watu wa mji wa Yabesh-gileadi walifunga kula kwa ajili yake siku 7 tu, na nabii Samweli hatukutajiwa idadi.