Muhtasari, taarifa au waraka? Jina la andiko linalopelekwa kwenye bodi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni ofisa TEHAMA katika chama cha akiba na mikopo hapa Uyole, Mbeya, chenye matawi Tukuyu na Makambako. Meneja alinitaka niandae kurasa mbili kuhusu mwelekeo wetu wa teknolojia kwa ajili ya wajumbe wa bodi. Niliziita "Muhtasari wa Mkakati wa Teknolojia ya TEHAMA kwa Viongozi Waandamizi Wafanya Maamuzi". Mwenyekiti amezirudisha akisema kichwa hakieleweki. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mwenyekiti wako ana haki, ingawa kosa kubwa halipo pale ambapo wengi wangelitafuta, kwenye zile istilahi za teknolojia. Limo katika neno la kwanza kabisa.

Neno "muhtasari" tumelipata kutoka Kiarabu, ambako mukhtasar ni kitu kilichofupishwa, na kwa maana hiyo ya asili hukukosea, kwa kuwa kurasa mbili ni ufupisho wa mambo mengi. Lakini katika ofisi za Tanzania neno hili limekwisha kupata kazi maalumu: muhtasari wa kikao ni kumbukumbu ya yaliyozungumzwa na kuamuliwa, na kila kikao cha bodi hufunguliwa kwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, kisha wajumbe wakaingia katika yatokanayo. Kwa mwalimu wa sekondari muhtasari ni kitu kingine tena, yaani orodha ya mada za somo zilizokwisha kupangwa na wenye mamlaka. Katika matumizi yote mawili, msomaji anapoliona neno hili huelewa kwamba jambo limekwisha kuamuliwa na yeye anapewa tu kumbukumbu au maelekezo yake. Wewe ulitaka kinyume chake: ulitaka bodi isome, ipime, halafu iamue.

Hili nimelishuhudia mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilialikwa kuhariri makabrasha ya taasisi moja mkoani Iringa, na ndani yake mlikuwa na andiko zuri kuhusu kubadilisha mfumo wa hesabu, lililoitwa muhtasari. Wajumbe walilipitia kwa haraka na kulithibitisha kama wanavyothibitisha kumbukumbu, hakuna aliyeuliza gharama, na mwandishi wake akatoka kikaoni bila idhini aliyoihitaji, maana hakuna aliyejua kwamba inaombwa. Nilisikitika sana, kwa kuwa kazi ya miezi ilipotea kwa sababu ya neno moja.

Utumie jina gani basi? Inategemea unachokitaka kwa wasomaji wako. Kama unataka wajue tu hali ilivyo, kwa mfano kwamba tawi la Tukuyu limeunganishwa na makao makuu na la Makambako bado, andika "taarifa fupi". Kama utasimama mbele yao na kueleza kwa picha ukutani, hilo ni "wasilisho", na zile kurasa ni kiambatisho chake. Ukiwa bado unapendekeza wazo ambalo halijapimwa, liite "andiko". "Dokezo" liache ndani ya ofisi, kwa kuwa ndilo tunaloandikiana na wakubwa wetu wa kazi kwenye majalada, wala haliendi kwenye bodi. Andiko linaloomba bodi iamue jambo lina jina lake linalofahamika, nalo ni "waraka", kama ilivyo kwa Waraka wa Baraza la Mawaziri. Kwa maelezo yako, ulichoandika ni waraka.

"Teknolojia ya TEHAMA" ni kurudia, kwa sababu silabi ya kwanza ya TEHAMA ndiyo hiyo teknolojia: teknolojia ya habari na mawasiliano. TEHAMA peke yake yatosha.

Kuhusu "waandamizi" inafaa tukae kidogo, kwa kuwa hapa hata magazeti huteleza. Mzizi wake ni andama, yaani fuata, na ngazi za utumishi zimeuhifadhi ukweli huo: Mhadhiri Mwandamizi yuko chini ya maprofesa, na Ofisa TEHAMA Mwandamizi bado ana Ofisa TEHAMA Mkuu juu yake. Mwandamizi ni mtu mzito na mzoefu, lakini si lazima awe mwenye kauli ya mwisho, na wajumbe wa bodi yako hawana cheo hicho kabisa. Nao "wafanya maamuzi" wamezagaa siku hizi, ilhali Kiswahili kina kitenzi kamili, kuamua, na uamuzi hutolewa au hufikiwa. Tena uamuzi ni mmoja na maamuzi ni mengi. Ukiomba jambo moja, omba uamuzi. Ila kwenye kichwa cha habari huhitaji maelezo yote hayo. Waite wajumbe wa bodi, kama walivyo.

Limebaki "mkakati". Mkakati hueleza njia iliyochaguliwa na sababu ya kuziacha nyingine. Mpango hueleza kazi, mtendaji, muda na fedha. Orodha ya kompyuta za kununua ni mpango wa ununuzi, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Lakini swali la kama chama kiendelee kuwa na seva yake Uyole, kikibeba mzigo wa jenereta na fundi, au kikodi nafasi katika kituo cha kuhifadhia data na kutegemea intaneti kila siku, hilo ni la mkakati kwelikweli.

Uangalie pia kiunganishi. "Mkakati wa TEHAMA ya chama" unahusu vifaa na mifumo ambayo chama kinavyo sasa, kwa kuwa "ya" imeifuata TEHAMA. "Mkakati wa TEHAMA wa chama" ni mkakati ambao chama kizima ndicho mwenyewe, pamoja na idara za mikopo na fedha, kwa kuwa "wa" imeufuata mkakati. Bodi ina wajibu juu ya huu wa pili, na ndio ninaokushauri uuandike.

Kwa hiyo kichwa kiwe "Waraka kwa Wajumbe wa Bodi: Mkakati wa TEHAMA wa Chama". Na sentensi ya kwanza chini yake, kabla ya historia na kabla ya takwimu, iseme hivi: "Bodi inaombwa kuamua kama kumbukumbu za wanachama zitaendelea kuhifadhiwa katika seva ya makao makuu au zitahamishiwa katika kituo cha data cha kukodi."