Pasi ya jogoo na kanzu ya Ijumaa

SWALI: Shangazi shikamoo. Tulikuwa tunahama hapa Kisauni tukapata pasi ya makaa ya bibi, ile yenye jogoo mbele, bado nzima. Mzee wangu anasema zamani kanzu zao zilikuwa nyeupe pe na zimesimama na stima hakuna. Mimi nimejaribu juzi imeniachia madoa meusi kifuani. Kwani wao walikuwa wanafanyaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo madoa ni ya haraka tu. Makaa hayawashwi ndani ya pasi, unayawasha nje kwenye jiko mpaka yashike yote yawe mekundu na moshi uishe ndo unayatia, na jogoo umfunge vizuri manake ndiye komeo, ukiinua pasi hajafungwa makaa yote yako miguuni. Halafu ondoka karibu na nguo, ipungepunge jivu litoke, uipitishe juu ya jani bichi la mgomba. Lile jani lina nta kidogo, linafuta masizi na pasi inateleza yenyewe. Jaribu kwanza kwenye kitambaa kikuukuu, kanzu iwe na unyevu.

Lakini huo weupe anaosema mzee ulianzia kwenye maji. Visima vya huku pwani vingi vina chumvi, na sabuni ya kipande kwenye maji magumu haitoi povu, inaganda inakuwa utando unaoshika nguo, ndo unaona kanzu inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kwetu mvua ikinyesha tulikuwa tunakinga mapipa na hayo maji mtoto hayagusi, ya kanzu tu. Ukishasuuza sana ndo unatia buluu ya kufulia, umeifunga kwenye kitambaa unaikorogea ndani ya beseni la mwisho, ukiitupa hivi hivi kanzu inatoka na mabaka. Buluu haisafishi kitu, inaficha umanjano basi.

Kusimama ni wanga wa muhogo. Ukune muhogo, ukamue, acha maji yatulie, wanga unakaa chini, mwaga maji ya juu. Ukoroge na maji baridi kwanza halafu ndo umimine ya moto huku unakoroga mpaka uwe kama umeng'aa, uchuje kwa kitambaa, mabonge yakibaki pasi itayaunguza na utakuja kulalamika tena hapa. Kola na kifua zaidi, sehemu nyingine kidogo, manake kanzu yote ikikauka hivyo hata kurukuu ni taabu.

Na tafadhali usipigie chumbani madirisha umefunga, makaa yanatoa hewa ya sumu haina hata harufu, toka uani. Kama chini kuna kutu sugua na msasa laini kwanza. Wale wa skrepu wakipita na mkokoteni wasiione.